Shafti Iliyotoka Kibondo

Siku ya harusi yake, shemeji yangu Ildefonsi alimpiga kofi mpiga picha mbele ya kanisa. Kosa la yule bwana lilikuwa kuuliza mara mbili: "Bwana harusi, uko tayari? Uko tayari kweli?" Kamera ikaenda huku, miwani ikaenda kule, kwaya ikanyamaza, na dada yangu Winifrida, ndani ya shela, akatazama chini. Nilipaswa kumrudisha nyumbani siku ile ile. Badala yake nilikwenda kula pilau.

Mimi ni Pasikali. Nimefanya kazi kwenye mashine ya kusaga ya Ildefonsi hapa Kasulu miaka tisa, kwa hiyo ninayoyasema mengine nimeyaona kwa macho, mengine nimeyapokea mwilini. Si mtu mwenye roho mbaya. Upepo ukiezua paa la mjane, yeye ndiye wa kwanza kupanda na misumari. Lakini hapendi swali. Ukimuuliza "una uhakika?" umemwita mjinga, na mkono wake hausubiri mdomo.

Mashine yenyewe aliinunua Mtabila mwaka ule kambi ya wakimbizi ilipofungwa, kwa mfanyabiashara aliyekuwa anarudi Burundi. Ilikuwa imeungwaungwa: tumbo la mashine hii, injini ya ile, miguu ya kitanda cha chuma. Mihogo na mahindi inasaga vizuri sana, ila kifaa chake kikiharibika hukipati dukani, mpaka kichongwe.

Mwaka jana, mwezi wa saba, ikaanza kutetemeka. Fundi wetu Hashimu akaichungulia, akasema shafti imekwisha, ule mhimili unaozungusha nyundo za kusagia. Halafu akajisahau. "Lakini mzee, una uhakika na hizi beringi?" Ildefonsi akang'oa mkanda wa mashine, mpira mzito, akamchapa nao usoni. Hashimu aliondoka jicho limefumba, na hata spana zake hakurudi kuzichukua.

Basi tukabaki bila fundi, na foleni ya mihogo mlangoni. Tulisikia Kibondo kuna mkereza vyuma hodari, Mudathiri, anayechonga kifaa chochote kwa kufuata sampuli. Nikatumwa kuifunga shafti kwenye kiroba na kuipandisha basi. Wakati naifunga ndipo nilipoona. Pale inapokaa beringi, ile pete ya gololi inayoishika shafti, chuma kilikuwa kimelika. Kidole changu kiliingia bondeni. Ile haikuwa tena sampuli ya shafti, ilikuwa sampuli ya ubovu wake, na atakayeifuata atachonga ubovu. Nilifungua mdomo. Kisha nikakumbuka spana namba kumi na tisa aliyonirushia Ildefonsi siku ya Pasaka, iliyoniachia kovu juu ya jicho. Nikafunga kiroba na mdomo pamoja.

Ildefonsi mwenyewe alimtumia Mudathiri ujumbe wa sauti, mimi nimesimama kando yake. "Fundi, nataka kama hiyo. Hiyo hiyo. Usiongeze, usipunguze. Na usinipigie kuniulizauliza, mimi si mtoto. Kuna mmoja huku anaitwa Hashimu aliniuliza, nimemfumba jicho kwa mkanda." Akacheka kidogo, akatuma.

Baada ya siku nne shafti ilirudi inang'aa. Ndani ya kiroba hakukuwa na karatasi wala neno. Beringi ikacheza juu yake kama kofia ya baba kichwani mwa mtoto. Mtu mwingine angeishia hapo. Ildefonsi alikata kipande cha bati la kopo la rangi, akakizungushia shafti, akaigonga beringi kwa nyundo mpaka ikakaza. "Imekaa," akasema, na hakuna aliyekuwa na ubavu wa kumbishia.

Tuliiwasha Alhamisi. Jumamosi asubuhi, foleni ikiwa imefika barabarani, Winifrida alikuwa kwenye mdomo wa mashine anasukuma mihogo. Nikasikia mlio kama wa nguruwe anayechinjwa, kisha kishindo. Nyundo moja ilipasua tumbo la mashine, ikapita kwenye mkono wa kushoto wa dada yangu, ikaenda kuvunja tofali la ukuta nyuma yake. Unga ulijaa hewani, na pale ulipomwangukia ukawa mwekundu. Winifrida alikuwa anautazama mkono ule kama wa mtu mwingine. Nilimfunga kanga juu ya kiwiko, nikaikaza kwa meno huku nalia, na sioni haya kusema. Hospitali walimkata chini kidogo ya kiwiko.

Jumatatu alfajiri Ildefonsi alivingirisha panga kwenye gunia, akapanda basi la Kibondo. Nikapanda naye. Nilijiambia nakwenda kumzuia. Ukweli ni kwamba hata mimi nilitaka mtu apigwe.

Tulimkuta Mudathiri kwenye karakana yake, mtu mfupi mwenye kofia ya kufuma, ameinamia mashine ya kukereza. "Mwakeye," akatusalimia. Ngumi ya kwanza ilimtoa jino. Ya pili ikamlaza chali juu ya mashine yake, na panga likakaa shingoni.

"Umemkata mke wangu mkono," Ildefonsi akasema. "Na mimi nimefuata wako. Utoe."

Mkono uliotoka mfukoni ulikuwa umeshika simu. Mudathiri akabonyeza, na sauti ya Ildefonsi ikajaa karakana nzima: hiyo hiyo, usiongeze, usipunguze, usinipigie. Tukaisikiliza yote, mpaka Hashimu na mkanda, mpaka kile kicheko kidogo cha mwisho.

"Niliona imelika," Mudathiri akasema, damu ikimtiririka kidevuni. "Wallahi niliona. Nilishika simu mara tatu nikupigie. Lakini huyo Hashimu nimemfundisha kazi mimi. Alikuja hapa na hilo jicho. Nikasema, huyu mtu ameagiza ubovu, na apewe ubovu wake." Akafuta kidevu. "Na aliyeifunga kwenye kiroba, muulize kama hakuona."

Ildefonsi akanigeukia, panga likageuka naye. "Shemeji. Uliona?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema uongo. "Niliona," nikasema.

Akaniangalia lile kovu juu ya jicho. Nilisubiri pigo. Akatupa panga chini, akaugeukia ukuta, akaupiga ngumi, akaupiga tena na tena mpaka ngozi ya vidole ikachanika. Hakuna aliyemshika.

Mudathiri alitema damu, akasogeza stuli kwa mguu. "Ukitaka nyingine, lete beringi zake na puli yake, lile gurudumu la mkanda, nipime vinavyokaa juu ya shafti, nisipime kilicholika. Unieleze injini inazunguka kasi gani. Na nitakuuliza mpaka mimi mwenyewe nichoke." Ildefonsi akakaa. Akaulizwa maswali saa nzima, akayajibu yote, mkono ukimdondoka damu sakafuni. Asilolijua alisema hajui. Miaka tisa sikuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake.

Tulirudi Kasulu kesho yake mchana, tukaenda wodini moja kwa moja. Ildefonsi alikaa ukingoni mwa kitanda cha dada yangu, akawa mpole kama mgeni.

"Mama Desderi," akasema, "wewe ndiye unayekaa karibu na ile mashine. Hukusikia kitu?"

"Nilisikia. Tangu Alhamisi ilikuwa inalia."

"Sasa mbona hukuniambia?"

Winifrida alijiinua taratibu. Kwa mkono uliobaki alifungua kitambaa chake cha kichwa, akageuza uso ukutani ili sikio lake la kushoto limwelekee mumewe.

"Nilishawahi kukuambia jambo, Baba Desderi," akasema. "Mwaka ule tulipooana. Nilikuambia mara mbili. Ya pili ulinijibu hapa."

Sikio hilo halisikii. Miaka yote mimi nilidhani limeharibiwa na kelele za mashine.