Ruta Yangu na Jino la Mama Mkwe

Dhahabu inakula mtandao. Niliambiwa hivyo na dereva wa pikipiki aliyetoka Salamabila, kwenye machimbo ya dhahabu, akiwa amechuchumaa mbele ya duka langu la vipuri hapa Kasongo, nami niliamini kwa moyo wote na kwa diplome yangu yote ya masomo ya jioni. Mawimbi, alisema, yanatoka mjini mengi kama kumbikumbi, lakini yakifika juu ya machimbo, dhahabu ya chini inayavuta, yanazama udongoni.

"Yaya, kaka yangu, ninyi huku munakula makombo tu," aliniambia. "Na kama mutu iko na dhahabu mu nyumba yake, hata makombo hapate."

Ungekuwa na ruta kama yangu, nawe ungeamini. Ilikuwa kisanduku cheupe cha kugawa mtandao, cha kwanza katika mtaa wetu, na ilikunywa umeme wote wa sahani yangu ya jua bila kushiba. Nikiiweka juu ya kabati, inazima. Nikiitundika kwenye boriti, inawaka mpaka mbuzi wa jirani apite. Mvua ikinyesha Kabambare, kwangu taa inakuwa nyekundu. Nimeibeba nyumba nzima kama mtoto mwenye homa. Kuna Jumapili nilisimama juu ya meza nimeiinua kwa mikono miwili ili mke wangu amalize kusikiliza mahubiri, na tangu siku hiyo mashati yangu yote ni mafupi mikononi.

Baada ya maneno ya yule dereva nilifanya usafi. Pete ya mke wangu nikaipeleka ilale dukani. Mchungaji alipokuja kutuombea, nilimpokea saa yake mlangoni, nikasema kwetu kuna vumbi jingi. Mambo yakatengemaa kidogo. Tatizo lililobaki lilikuwa jino.

Mama mkwe wangu anakaa Kabambare, na mbele kinywani ana jino la manjano linalong'aa kuliko taa ya pikipiki. Alipokuwa kwake, sisi tuliongea na mdogo wa mke wangu aliyeko Lubumbashi, kwa simu ya picha, mpaka tukakosa la kusema. Mama akija tu, hajamaliza chai, picha inaganda. Alikuja mara mbili kumwona huyo binti yake wa mwisho, na mara mbili aliona nusu ya paji la uso. Mtu aliyesoma angetaka ushahidi gani tena?

Sasa binti alikuwa anaolewa huko huko Lubumbashi. Mama alikuwa amemsindikiza akiwa bado msichana wa shule, na tangu hapo hakumwona tena kwa macho. Kwenda hakuweza, kiuno chake hakikubali tena barabara zaidi ya kufika kwetu. Akatuma neno kwa mke wangu kwamba atakuja kumwangalia mtoto wake akitoka kanisani na mume, na kwamba akishamwona, roho yake itakaa.

"Mama akae mbali na ruta," nilimwambia mke wangu.

"Sababu gani?"

"Jino."

Alicheka mpaka akakaa chini. "Basi umuambie weye mwenyewe, baba watoto."

Alijua siwezi. Kwetu mwanaume hakai mkeka mmoja na mama mkwe wake, hamtazami usoni, na neno lake kwake linapita kwa mke. Leo nimwambie afunge kinywa? Heri ningetembea kwa miguu hadi Lubumbashi, nikamlete bibi arusi mgongoni.

Siku ilipofika, mke wangu alipamba nyumba kama afanyavyo kila mama yake anapokuja. Vitambaa alivyovifuma mama kwa mkono wake, ambavyo siku nyingine vinalala sandukuni, vikatoka vyote: kimoja juu ya redio, vingine kwenye viti, na kile kizito chenye maua juu ya ruta, ili mama aone kazi yake inaheshimiwa. Mimi niliweka kiti kizuri karibu na mlango, mbali kabisa. Majirani wakajaa. Mama akaingia, akasalimia, akakipita kiti changu, akaenda kukaa dirishani, bega kwa bega na ruta.

"Mama watoto," nikasema nikitazama dari, "umuambie mama kule mulangoni kuna upepo muzuri."

"Mama anasema hapa anaona vizuri."

"Umuambie kiti cha kule iko na mto."

"Mama anasema hana kidonda."

Majirani wakacheka. Simu iliegemezwa kwenye chupa ya chai, na kanisa likatokea: kwaya, maua, watu wengi. Mlango ukafunguliwa. Bibi arusi akainua mguu kushuka ngazi, na mguu ukabaki hewani. Taa nyekundu. Uso wake ulikuwa bado umefunikwa na shela.

Tulingoja. Mguu haukushuka.

"Sijamuona," mama alisema polepole, bila kumwambia mtu.

Hakuna aliyecheka tena. Machozi yakamtoka. Kitenge chake kilikuwa kipya, hakutaka kukichafua, akavuta kile kitambaa juu ya ruta ajifute. Akasita. Akakiweka tena shavuni, akaitazama ruta, kisha akaanza kuipepea kwa kitambaa, taratibu, kama anayefukuza nzi kwenye chakula. Mimi nilidhani ni uchungu.

Taa ikawa ya kijani. Mguu ukashuka ngazi. Shela ikafunuliwa, na uso mzima ukajaa simu.

"Mama, unaniona?"

"Nakuona, mutoto wangu. Umenenepa."

Mama akapiga vigelegele, kinywa wazi, jino lote nje, karibu aimeze ruta, na mtandao haukutikisika. Ulishika kwenye keki, ukashika kwenye ngoma, ukashika hata kwenye hotuba ya baba mdogo wa bwana arusi, ambayo ingemaliza mtandao wa nchi nzima. Mtaa mzima ulicheza sebuleni kwangu. Nilipanda juu ya kiti na furaha ikanifungua mdomo. Nikawafafanulia majirani kisayansi kwamba dhahabu ya jino la mama na dhahabu ya pete za arusi zilivutana, zikatoshana nguvu, mawimbi yakapita katikati salama.

Mke wangu akafunika uso kwa mikono. Mama aligeuka, akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake akasema nami moja kwa moja.

"Mukwe, dhahabu haikule mutandao. Ile kisanduku ilipata joto sana chini ya kitambaa. Musiifunike tena."