Siku Kompyuta Ilipomkatalia Neema Umri Wake

Jamani, hili jambo nimelificha, hata kaka yangu wa Morogoro hajui, na nikiwasimulia leo ni kwa kuwa ninyi ni watu wangu. Mkitaka kucheka chekeni, ila mimi mwenyewe bado sijaweza.

Mnajua Mama Neema alitangulia huku London kwa kazi ya uuguzi, akaondoka na mtoto wa miaka miwili, mimi nikabaki nahangaika na viza, nanyimwa, naomba tena, nanyimwa, hadi nilipofika hapa Barking, mashariki ya London, Neema alikuwa ameshatimiza saba (na kwenye uwanja wa ndege alinipa mkono, kama mtu anayemsalimia mgeni wa mama yake). Kwa hiyo sherehe ya miaka minane ndiyo ilikuwa ya kwanza mimi kuwepo, nami nikataka na baba aonekane.

Nilikuwa nimeanza darasa la Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, la wanaoanza kabisa, pale maktaba kila Jumanne kabla ya zamu yangu ya kuhudumia wazee, nikamtengenezea chemsha bongo: kompyuta inauliza, yeye anaandika jibu, akipatia inampa hongera, akikosea inasema "Umekosa, jaribu tena" na kumrudisha palepale. Maswali yalikuwa mawili, jina la mama yake na rangi anayoipenda, nimeyajaribu wiki nzima, yanakwenda vizuri. Ningeishia hapo! Lakini asubuhi ya sherehe, huku Mama Neema ananiita nikageuze sambusa, nikaona niongeze la tatu: leo una miaka mingapi? Nikaandika kwamba jibu likiwa sawa na 8 apewe hongera, nikakimbilia sambusa. Sikulijaribu. Nijaribu nini, nane si nane tu?

Ukumbi mdogo wa chini ya jengo letu ulijaa watoto wa darasani kwake na wauguzi wenzake na mama yake, na kompyuta nimeiunganisha na televisheni kubwa ili wote waone (sifa, ndugu zangu, sifa). Swali la kwanza, hongera, makofi. La pili, makofi tena. La tatu Neema akaandika 8 huku anatabasamu.

Umekosa, jaribu tena.

Watoto wakacheka. Akaandika 8 tena, taratibu, anakitazama kidole chake. Umekosa. Mama Shani, jirani yetu, akapaza sauti kutoka nyuma, "Heee! Baba Neema, umri wa mwanao huujui?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na mimi nikacheka, nitafanyaje, jasho linanitoka, nasema, "Ni nane mwanangu, mashine ndiyo imekosea," lakini nani ananisikia?

Neema hakunitazama. Akaandika 7. Umekosa. Akaandika 6. Hapo ndipo nilipoelewa: alikuwa anatafuta umri ambao mimi naujua. Alipoandika 5 nikajua ameitoa wapi, maana nikiwa Morogoro mwaka mmoja nilimpigia simu kumpongeza kwa kutimiza mitano, kumbe anatimiza sita, na siku zote nilijidanganya kwamba amesahau.

Hata tano ikakataliwa. Akatoa mkono kwenye kibodi, akamwambia mama yake kwa Kiingereza (Kiswahili anakisikia, ila hakisemi) kwamba baba hajui. Hakukasirika. Alisema kama mtu anayesema maziwa yameisha. Mama Neema akaifunika kompyuta, akasema, "Haya, tukate keki."

Jumanne mwalimu alitazama mara moja tu. "Anachoandika mtu hufika kama maandishi, hata akiandika tarakimu," akasema. "Wewe umelinganisha maandishi na namba, na hivyo haviwezi kuwa sawa hata siku moja. Ligeuze jibu liwe namba kwanza." Dawa yake ni neno moja, int, na mabano yake. Basi.

Kesho yake Neema alipotoka shule nikamwita. Akaandika 8, hongera ikatokea. Akaitazama kidogo, kisha akaniuliza kwa upole, kwa Kiingereza chake, "Mama ndiye amekuambia?"

Nikamwambia hapana, mwanangu, nilikuwa naujua. Akasema sawa, akaenda kuvua viatu.

Tangu siku hiyo nimeapa, kitu cha mwanangu nitakijaribu mwenyewe kwanza hadi vidole viume, na la kumwambia nitamwambia kwa mdomo wangu, hata kama hanijibu.