Maandazi ya Jua ya Gunnvor

Watu wa Oslo wakikusimulia giza lao la Januari, wasikilize kwa adabu tu, basi. Gunnvor Mikalsen alitoka Vardø, kaskazini kabisa mwa Norwe, ambako jua huzama Novemba na halionekani tena mpaka Januari iko ukingoni, na huko hakuna anayejitia kulia. Likirudi, watoto huachiwa mapema shuleni na kila nyumba hupika maandazi ya jua. Kabla ya hapo hayapikwi, ni mwiko.

Mwaka huu Gunnvor, mjane wa mvuvi, aliuvunja mwiko. Aliyapika wiki mbili kabla ya wakati, pazia ameshusha majirani wasimwone, akayatia koponi na kupanda nayo ndege. Kesho yake asubuhi madaktari wa Oslo wangemtoa jicho la kushoto, lililoota uvimbe mbaya, na alitaka jicho hilo lilione jua kwa mara ya mwisho. Novemba, siku jua lilipozama, mawingu yalikuwa yametanda, jicho na jua havikuagana.

Oslo ikampokea kwa ukungu mzito kama uji. Akakaa jikoni kwa binti yake, Ragnhild, uso ameukunja, akilitukana jiji zima kwa lugha ya bandarini.

"Vaa koti, mama," Ragnhild akamwambia. "Tunapanda mlimani."

"Kuna nini huko? Ukungu wa matajiri?"

Ragnhild alicheka tu, akamfunga skafu.

Treni ya mlimani ilikuwa imejaa watu na mbao zao za kutelezea thelujini, wote kimya, kila mmoja anatazama magoti yake. Gunnvor akamuuliza mzee aliyekaa kando yake kama wamefiwa. Mzee akaona haya, akajifanya anakaza kamba za viatu. Treni ilizidi kupanda. Vioo vikawa vyeupe, vikaanza kung'aa, mara wakatokeza juu ya ukungu.

Gunnvor alisahau kutukana. Jiji lote lilikuwa limefunikwa huko chini, misonobari imeinama kwa theluji, na jua lilikuwa pale, chini chini, la dhahabu, limejaa. Aliteremka kituoni, akavua kofia katika baridi ile. Kisha akaziba jicho la kulia kwa kiganja.

"Mama, usilikodolee hivyo, utaumiza jicho."

"Jicho gani la kuhurumia? Kesho linatupwa."

Ragnhild akamshika mkono. Akauliza kwa sauti ya chini, "Linaona?"

"Kidogo. Kama taa nyuma ya pazia. Lakini linaona."

Machozi yalimtoka macho yote mawili, wala hakuyafuta. Akamwambia Ragnhild afungue kopo la maandazi walilopanda nalo, agawe. Yule mzee wa kwenye treni alikuwa anapita na mbao zake begani.

"Kula, ndugu yangu," Gunnvor akamwambia. "Jua limerudi."

Sasa, jua la Oslo haliendi kokote, huchomoza kila siku ya mwaka. Mzee akafungua kinywa amweleze hivyo. Ndipo akaona kile kiganja, bado kimeziba jicho la kulia, na lile bovu likilikodolea jua huku likitoka machozi. Akavua glavu, akachukua andazi.

"Kweli, dada," akasema. "Limerudi."