Gonga Mara Mbili

Hapa Xiaobei, mtaa wa Waafrika jijini Guangzhou, nimejijengea jina la mtu mkorofi, na sina haja ya kulisafisha. Kazi yangu ni kukagua mali za watu kabla hazijapakiwa kwenye kontena. Mfanyabiashara anakuja kutoka Dar es Salaam au Lubumbashi, anaagiza vitanda au milango, kisha ananichukua twende kiwandani nimtazamie kama alichoahidiwa ndicho kilichotengenezwa. Mali za mbao ndizo zangu hasa. Nikipitisha kiganja mara moja tu, nimeshajua wamelipua kazi wapi. Wenye viwanda wakiniona nashuka kwenye teksi hununa, na mimi hununa kuwashinda.

Kiganja hiki sikukipatia China. Nilikipatia Marekani, katika mji mdogo wa bondeni wenye baridi ya kukera, kwenye kiwanda kilichotengeneza bunduki za kuwindia tangu enzi za mababu wa watu wa pale. Tulipelekwa huko tukiwa wakimbizi, mimi na mke wangu, kutoka kambini Kigoma, na Kigoma tulifika utotoni kutoka Kongo, upande wa Fizi, tukikimbia bunduki. Nilipompigia mama simu kambini kumweleza kazi niliyopata, alisema Mungu wangu anapenda utani. Kiwanda ndicho kilichokuwa kinaajiri, na watoto hula kila siku.

Chuma sikuwa nakigusa. Mimi nilikuwa upande wa mbao, kwenye vitako, ile sehemu ya bunduki ambayo mwindaji huiegemeza begani. Kitako kilikuja kwetu kikiwa kimekatwa na mashine, bado kinakwaruza, na sisi tulikilainisha kwa mkono. Msasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, kitambaa chenye maji ili nyuzi za mbao zisimame, msasa tena, halafu mafuta yanayosuguliwa kwa kiganja kitupu mpaka mbao ishike joto. Aliyenifundisha ni mzee mmoja wa Kizungu aliyekaa meza ya jirani. Baba yake alikuwa amekaa kwenye meza niliyopewa mimi, na babu yake sijui alikaa wapi, ila alikuwa humo humo kiwandani. Hakuwa mtu wa maneno. Miezi miwili ya kwanza alinirudishia kila kitako bila kusema kosa ni lipi, nami nikawa namtukana kwa Kibembe kwa sauti ya kawaida kabisa, maana mashine zilikuwa zinanguruma na hata zingezimwa asingeelewa.

Kelele hizo ndizo zilizoleta ule mtindo wa kugonga. Meza zetu mbili ziliunganishwa na ubao mmoja mrefu. Ukimaliza kitako unakilaza juu ya ubao bila kukiachia, unakigonga mara mbili kwa kifundo cha kidole. Mlio wenyewe hausikiki, lakini mwenzako anaupata mtikisiko kwenye viwiko. Hainui hata uso. Ananyoosha mkono, anapokea. Maana yake ni hiyo tu, nimemaliza, pokea. Baba yake alikuwa akimgongea hivyo, naye akanifundisha mimi, na sharti lilikuwa moja: kitako kilichogongwa hakiwekwi chini. Kinatoka mkononi, kinaingia mkononi.

Siku alipopokea changu, akakigeuza mara mbili, akakipeleka mbele bila kunirudishia, nilikwenda chooni nikalia. Sioni aibu kusema. Tangu nitoke kwetu hakuna mtu aliyekuwa amepokea kitu kutoka kwangu bila kwanza kutaka karatasi.

Watu walianza kupungua kidogo kidogo. Kiwanda kiliuzwa, kikauzwa tena, na kila mwenye mali mpya alikuja na hotuba na kofia za bure. Kwanza waliihamisha idara ya mitutu kwenda majimbo ya kusini ambako hakuna chama cha wafanyakazi cha kuwasumbua. Halafu idara ya rangi. Nilipoanza kazi tulikuwa tunagombania nafasi ya kuegesha gari asubuhi, wenye hasira wakifikia kushikana mashati. Miaka michache baadaye ungeweza kuegesha gari popote, hata kwa kulilaza upande upande, na hakuna wa kukuuliza. Kantini ikafungwa, tukaletewa mashine ya kuuza mkate uliofungwa kwenye plastiki. Mzee wangu aliitazama ile mashine, akacheka kwa pua. Alikuwa ameshajua.

Ndipo vijana wa ofisini wakaja na kamera. Walisema wanataka kuhifadhi ufundi wetu ili usipotee. Walianza na mzee, kwa kuwa yeye ndiye fundi wa kweli. Alijifuta mikono taratibu, akasema hapana, akatoka nje kuvuta sigara ingawa haikuwa saa ya mapumziko. Wakanigeukia mimi.

Sasa mtu aliyekulia kambini hajui kusema hapana. Kambini, yeyote mwenye daftari au kamera huambiwa ndiyo. Ndiyo, nipige picha. Ndiyo, nitakusimulia tena baba alivyokufa. Ukisita, kadi yako ya chakula inaweza kusita nayo, au ndivyo tulivyoamini, na imani hiyo haikutoki kwa kubadilisha nchi. Nilisema ndiyo kabla yule kijana hajamaliza swali. Na sikuishia hapo. Nilimwambia mwanga hautoshi, nikamsogezea taa mwenyewe. Nilikilainisha kitako kimoja mwanzo hadi mwisho, polepole, nikijua kabisa kwamba nafanya kitu kizuri, mikono tu ndiyo inayoonekana. Nilipomaliza nikakilaza juu ya ubao nikagonga mara mbili. Upande wa pili hapakuwa na mtu. Nikabaki nimekishika, mpaka kijana akasema inatosha, asante sana, akanipa kofia.

Mzee aliporudi alinitazama nikiwa nimeivaa.

"Umewapa mikono yako," akasema. "Sasa wewe mwenyewe wakutakie nini?"

Nikadhani ana wivu. Ndiyo, upumbavu wangu ulifika huko. Niliona anaumia kwa sababu mkimbizi ndiye atakayeonekana kwenye sinema ya kiwanda. Kuanzia saa ile hakunigongea tena. Akimaliza kitako alikiweka kwenye toroli lake, akalisukuma mwenyewe mpaka mbele. Mimi niligonga, yeye hakunyoosha mkono. Tulikaa hivyo bega kwa bega miezi mitano, na vitako vyangu vikilala juu ya ubao, hadi barua zilipokuja na kiwanda kikafungwa chote. Siku ya mwisho alisimama getini akampa mkono kila mtu. Nilipofika mimi aliinama kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa. Nilikasirika, nikaapa sitamtafuta.

Baada ya hapo nilipanga maboksi kwenye ghala la watu wanaonunua vitu kwa simu, kazi ambayo hata mbwa aliyefunzwa angeiweza, nikiwa nimevaa kimashine mkononi cha kuniambia niende mbio. Shemeji yangu alikuwa na ofisi ya mizigo huku Guangzhou, jengo la Tianxiu. Aliponiambia anahitaji mtu wa kukagua mbao anayejua Kiingereza, sikumuuliza mara mbili. Nilimwacha mke wangu na watoto kule, kwenye nyumba tusiyoweza kuiuza, maana nani atanunua nyumba katika mji usio na kazi.

Mwaka jana alikuja mama mmoja wa Lubumbashi, mfanyabiashara mzoefu, aliyeagiza mabenchi ya kanisa. Tulikwenda kuyakagua kwenye kiwanda kilicho nje ya mji, mwendo wa saa moja na nusu kwa teksi. Mabenchi yalikuwa sawa, isipokuwa mawili yaliyokuwa na miguu ya kuchechemea. Nilikuwa nimepiga magoti namwonyesha laoban, yaani mwenye kiwanda, ule mguu mbovu, niliposikia mlio wa kugonga nyuma yangu. Mara mbili. Kimya. Halafu tena mara mbili, kutoka mahali pengine.

Mkono wangu ulitangulia kunyooka kabla sijageuka. Mbele yangu palikuwa na meza ndefu, wanawake tisa wameikalia, kila mmoja na kitako. Vilikuwa vitako vya bunduki za upepo, hizi za watoto wa Kizungu kulengea makopo, na kila kimoja kilikuwa kimechomwa chapa ya jina la kiwanda chetu cha zamani. Kwa hiyo hata jina lilikuwa limeuzwa. Ukutani palikuwa na skrini, na kwenye skrini mikono myeusi ilikuwa ikisugua mafuta. Kidole cha shahada cha kushoto kilikuwa kimekunjika. Changu hakinyooki tangu kilipobanwa na mlango wa lori nikiwa mtoto. Nikakitazama cha ukutani, nikakitazama hiki. Ile mikono ikalaza kitako, ikagonga mara mbili, picha ikaanza upya.

Mwanamke aliyekuwa karibu nami, wa umri wa mke wangu, akamaliza chake, akagonga mara mbili, akakiweka kwenye boksi lililokuwa sakafuni.

Nikamuuliza laoban kwa nini wanagonga. Kichina changu ni cha sokoni, na chake cha kienyeji, kwa hiyo tulizungumza kupitia simu yake inayotafsiri. Alisema ni kupima kama mbao ina ufa ndani. Ni hatua ya tisa, imeandikwa kwenye maelekezo waliyopewa. Nikataka kumwambia si kweli. Badala yake niliinua kidole changu nikakiweka mbele ya skrini. Alitazama huku na huku, halafu uso ukamjaa furaha kama aliyekutana na ndugu. Akanishika bega, akawaita wanawake wote watazame. Akaongea kwenye simu kwa muda mrefu, nayo ikanisomea. Mashine ya kufanya kazi hii inakuja kabla ya mwaka mpya wao. Waliotengeneza mashine wameifunza kwa ile picha, hata kugonga wameiwekea, lakini kuna pahali dole gumba limefichika, hawaoni linakandamiza vipi. Kama nitakubali anipige picha dakika tano tu kwa upande mwingine, atampa mama mimbari ya bure pamoja na mabenchi yake.

Mama wa Lubumbashi alifurahi mno. "Papa, dakika tano tu," akaniambia. "Wachungaji watakuombea."

Nilikuwa nimeshashika kitako. Kusema kweli nilikuwa nimeshageukia mwanga. Miaka yote hiyo, na mwili wangu ulikuwa bado unasema ndiyo peke yake. Kisha nikamwona yule mwanamke wa pembeni. Alikuwa ameacha kusugua, anafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, na ananitazama. Sijui alielewa nini katika yale yaliyosemwa na simu, lakini macho yale nilikuwa nimeshawahi kutazamwa nayo.

Neno la kwanza ambalo mtu hujifunza kwenye masoko ya hapa ni mei you, yaani hakuna. Utaambiwa hata kabla hujamaliza kuuliza. Nilikuwa nimeambiwa mara elfu na sikuwa nimelisema hata mara moja.

"Mei you," nikasema, nikakirudisha kitako mezani, nikatia mikono mfukoni.

Laoban alidhani natania. Alipoona sitanii alichukia, na mama naye alichukia, tena haki yake. Kwenye teksi, tulipoingia Dengfeng jirani na Xiaobei, alisema tu kwamba kiburi hakijawahi kujenga kanisa. Shemeji alisikia habari siku hiyo hiyo, akaniuliza kama nimerogwa.

Sijidanganyi kwamba niliokoa chochote. Niliporudi pale baada ya miezi mitatu na mteja mwingine, meza ndefu ilikuwa imeondolewa. Mashine ilikuwa imesimama mahali pake ndani ya kioo, inageuza vitako, na kila inapomaliza inashusha kijichuma kidogo kinagonga mara mbili, kisha kitako kinaangukia kwenye boksi. Dole gumba la mtu fulani waliliona hatimaye, na nadhani ni la yule mwanamke. Na yeye aliambiwa aseme ndiyo, na nyumbani kuna watoto.

Kesho yake saa moja asubuhi, ambayo kule ilikuwa saa moja jioni, nilimpigia simu yule mzee wa kiwandani. Namba yake ninayo tangu enzi za yeye kuja kuliwasha gari langu lilipokataa kwa baridi. Aliitika, nikataja jina langu, hakukata. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi ya kuomba radhi na yote yakanitoka kichwani.

"Bado wanagonga," nikamwambia. "Huku China. Mara mbili, kama baba yako."

Nilimsikia akihema. Televisheni ilikuwa inaongea nyuma yake.

"Na nani anapokea?" akauliza.

Nikamwambia ukweli, kwamba sasa inayogonga ni mashine, na wa kupokea hakuna, kitako kinaangukia kwenye boksi. Akakata simu.