Buti za Mlangoni kwa Mama Shija

Juzi niliona buti za kiume mlangoni kwa jirani yangu, dada anayeishi peke yake, nikamkumbuka Mama Shija wa Kambarage, mtaa wa utoto wangu. Aliuza dagaa nyumbani kwake, na mlangoni pake kulikuwa na buti kubwa za mpira. Niliamini mumewe alichimba dhahabu usiku na kulala mchana.

Alasiri moja mama yangu alinituma ninunue dagaa. Mama Shija alipokuwa akinifungia, harufu ya dagaa ikinijaa puani, niliinama nikachungulia ndani ya buti. Buibui alikuwa amefuma utando humo.

“Mama Shija, kwani baba hatoki?”

Aliwatazama vijana wawili waliosimama barabarani.

“Amechoka. Msalimie tu dirishani.”

“Shikamoo, baba.”

“Kwa sauti, mwanangu. Masikio yake mazito.”

Nikapaza sauti, vijana wakageuka, kisha wakaondoka. Sasa najua mumewe alikuwa amekufa zamani, na salamu yangu ilikusudiwa isikike kwa wapita njia, wadhani kuna mwanamume ndani. Siku ile nilitega sikio dirishani nikingoja jibu, hadi Mama Shija akacheka.

“Amesema marahaba,” aliniambia. “Kesho upite tena umsalimie.”