Kwenda Nyamwaga Kutafuta Saini ya Mwita

Nilikwenda Mara kutafuta saini moja. Nyumbani Tukuyu wameniuliza mara nyingi nilifuata nini huko mbali, mtoto wa kike peke yangu, mitihani ikiwa imekaribia, nami kila mara nimejibu kwa mkato. Sasa naeleza yote, na nikipandisha sauti katikati mnivumilie. Hasira yenyewe haijaisha.

Rafiki yangu Mwita alikuwa mwaka wa tatu wa ualimu katika chuo kikuu cha umma ninakosoma sheria. Kijitabu cha kanuni zetu kinasema hakuna mwanafunzi atakayebaguliwa kwa kabila, dini, jinsia au ulemavu. Wanafunzi wachache tuliandika barua kuomba maneno mengine yaongezwe hapo: wala kwa kuwa, au kudhaniwa kuwa, anapenda watu wa jinsia yake. Hatukuomba ndoa. Tuliomba mtu asitolewe darasani wala bwenini kwa tetesi, kwa sababu tulikuwa tumeshaona wawili wakitolewa hivyo. Mtu mmoja ofisini akaipiga picha ile barua, na kabla ya chakula cha mchana ilikuwa kwenye simu za chuo kizima.

Jina la kwanza chini ya barua lilikuwa la Mwita. Jioni ile wenzake wa chumba walilitupa godoro lake dirishani kutoka ghorofa ya pili. Waliolitupa hawakuitwa popote. Aliyeitwa ni Mwita, akakabidhiwa karatasi: amesimamishwa masomo kwa mwenendo usiofaa. Mwenendo gani? Hakuulizwa hata swali moja, wala hakuambiwa. Sisi wengine tulipewa onyo.

Kanuni zilimpa wiki tatu za kukata rufaa, kwa saini ya mkono wake mwenyewe. Yeye akazima simu, akaenda kwao. Wiki ya pili ilipokuwa inaisha bila habari zake, nikaiandika rufaa mimi, nikaitia kwenye bahasha, na Jumatatu alfajiri nikapanda basi.

Jumatano asubuhi nilikuwa Tarime mjini, nikinywa chai na maandazi karibu na stendi. Meza ya pili walikaa mama mwenye mgahawa na mfanyabiashara aliyekuwa ametoka Sirari na mzigo wa nguo. Mfanyabiashara alikuwa anamwonyesha mama kitu kwenye simu.

"Ona hawa watoto wa university," alisema. "Ati wanataka wanaume waoane. Serikali inawasomesha bure."

Niliitambua picha kabla sijaiona vizuri. Ilikuwa barua yetu, na juu yake mtu ameandika maneno mekundu ambayo hatukuyaandika. Nikamwomba anisomee mstari unaosema wanaume waoane. Akaikuza picha kwa vidole, akasoma kimyakimya mpaka mwisho.

"Hapa sioni," alisema.

"Haupo."

"Lakini ndiyo maana yake, sista. Kila mtu anajua."

Kila mtu anajua! Barua yenyewe haijai ukurasa, alikuwa nayo mkononi, na bado alichoambiwa kilimshinda nguvu alichosoma. Niliiacha chai nusu.

Saa tano nilipanda bodaboda kwenda Nyamwaga. Barabara ni ya vumbi jekundu, mahindi na migomba pande zote, na ng'ombe wanapita wanapotaka. Dereva hakuuliza lolote baada ya kusikia jina la boma ninalokwenda. Alinishusha mbali kidogo na lango, akageuza pikipiki haraka kama mtu aliyekwepa deni.

Mama yake Mwita anaitwa Bhoke. Nilimkuta akipukuchua mahindi, na mlangoni alikaa bibi mmoja mwembamba aliyefunga khanga kichwani. Huyo ni Gati. Niwaeleze Gati ni nani, maana kwetu desturi hii haipo. Gati hakupata mtoto wa kiume, na mumewe alipofariki, alitoa ng'ombe akamwoa Bhoke, ili Bhoke azae watoto wa nyumba ile na boma lisife. Wakurya wanaiita nyumba ntobhu. Ni mwanamke kuoa mwanamke kwa ajili ya uzazi na urithi, na wanaume wa ukoo wenyewe ndio waliowapokea wale ng'ombe. Mwita ni mtoto wa nyumba hiyo.

"Shikamoo mama. Shikamoo bibi."

"Marahaba," alijibu Bhoke. Nilipotaja chuo, mikono yake ikasimama. "Ninyi ndio mliomponza."

"Mama, sisi tuliandika tu..."

"Mliandika! Mimi nilimpeleka akasome. Jumapili wameniambia kanisani nisiimbe kwanza mpaka jambo litulie. Jambo gani? Mimi nimeandika barua?"

Nikakosea zaidi. Kwa uerevu wangu wa darasani nikasema kwamba watu wa hapa wasingepaswa kushangaa sana, kwani hata nyumba hii ilijengwa na wanawake wawili. Bhoke alimtafsiria Gati kwa Kikurya. Bibi akasema maneno machache makavu.

"Anasema usimtie maneno mdomoni," alieleza Bhoke. "Yeye alioa ili apate watoto. Hayo yenu hayajui na hayataki."

Niliomba radhi, na nilimaanisha. Lakini bibi hakuwa amemaliza. Safari hii alisema kwa Kiswahili, taratibu, ili nisikie mwenyewe: "Mtoto ni wangu. Kama amekosa, waniite. Hukumu gani hiyo mtu hasemi?"

Nililala hapo. Asubuhi Bhoke alinipa viazi vitamu kwenye mfuko, akaniambia alikokuwa Mwita: ng'ambo ya Mto Mara, upande wa Serengeti, kwenye kilima ambako dhahabu ilikuwa imetoka mwezi ule na watu wamefurika. Wanaume wa ukoo walimwambia asionekane pale nyumbani mpaka atakapooa. "Mwambie ale," alisema.

Alhamisi mchana nilifika machimboni. Kilima kizima kilikuwa kimechimbuliwa maduara, ndivyo wanavyoyaita mashimo yao, na mabondeni kulikuwa na mji wa maturubai: magenge ya chakula, vibanda vya kuchaji simu, mashine za karasha zikisaga mawe kwa kelele ya kuumiza meno. Kulikuwa na watu kutoka Geita, Kahama, hata Kenya. Niliuliza habari za Mwita wa Nyamwaga kwa watu wengi kabla mchimbaji mmoja hajacheka: "Si huyo tunayemwita Mwalimu? Yuko karashani."

Alikuwa mweupe kwa vumbi mpaka kope. Sauti yake ndiyo niliyoitambua.

"Sekela? Nani kakuleta huku?"

Tulikaa kwenye genge la mama muuza uji. Nilimpa viazi, akala kama mtu asiyekula tangu jana. Mikono yake ilikuwa imepasuka. Huyu alikuwa amebakiza muhula mmoja awe mwalimu wa hisabati, katika nchi ambayo watoto wanakaa darasani bila mwalimu wa hisabati, na watu waliosoma wakaona heri asage mawe. Nilimwambia hivyo.

"Hapa hakuna anayeniuliza kitu," alisema. "Jiwe likitema dhahabu, limetema."

"Na wakiiona ile picha?"

"Nitahama kilima."

Nikamtolea rufaa. Aliisoma polepole, akaifuta vumbi la vidole vyake kila alipoigusa. Kwenye aya ya tatu akasimama.

"Umeandika kwamba tuhuma hizi ni za uongo, na kwamba nina mchumba wa kike Musoma."

"Ndiyo. Wakisoma hapo wataifunga kesi."

"Sina mchumba Musoma."

"Mwita, najua."

Nilijua kwa sababu aliniambia mwenyewe mwaka wa kwanza, kwenye ngazi za maktaba. Mimi ndiye mtu wa kwanza aliyemwambia.

"Sitii saini hapa," alisema.

Nikakasirika. Nilimwambia nimesafiri siku tatu. Nilimwambia uongo mdogo unaookoa digrii si dhambi, na kwamba akisema ukweli atatoka mikononi mwa kamati aingie mikononi mwa polisi. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Sijasema nitawaambia," alijibu. "Nasema hawana haki ya kuniuliza. Barua yetu ilisema nini? Ilisema mtu asibaguliwe. Haikusema asibaguliwe yule aliyesingiziwa. Ukiandika kwamba mimi siye, unawaambia kwamba kama ningekuwa ndiye, godoro lilitupwa kwa haki."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuona. Mimi mwanafunzi wa sheria, niliyeandika barua ile kwa mkono wangu, nilikuwa nimeibeba hukumu ya kamati ndani ya bahasha yangu bila kujua. Nikaichana ile aya. Tukaomba kalamu kwa mama muuza uji, tukaandika upya: kwamba Mwita hakuambiwa kanuni aliyoivunja, kwamba hakusikilizwa, kwamba kuomba kanuni ibadilishwe si kosa, na kwamba maisha yake ya faragha si sehemu ya masomo yake, hivyo hatayajibia. Akatia saini, na vumbi la kidole chake likabaki pembeni ya jina.

"Unakuja nayo mwenyewe?" niliuliza.

Aliikunja karatasi, akaitia kwenye bahasha. "Nakuja."

Jioni ile tulifika kijiji cha Robanda, kando ya mbuga, kupitia Mugumu, ili Ijumaa tulidake basi la Arusha linalokatiza mbugani. Tulipokelewa na Mama Sabina, shangazi wa mwenzetu mmoja aliyesaini barua. Alituonyesha shamba lake la mtama lililolazwa chini na tembo wiki ile, kisha akatupikia ugali na mlenda, akatusimulia kazi yake ya kutandika vitanda kwenye kambi ya watalii.

"Wanakuja wa kila aina," alisema. "Mwezi jana walikuja wazee wawili wa Kizungu, wanaume, wana pete, kitanda kimoja. Meneja alituambia tusiwatazametazame, tuwawekee maua. Tukawawekea."

Mwita aliliacha tonge kwenye sahani.

"Na mngekuwa mmesikia ni watu wa hapa, mama?" aliuliza.

Mama Sabina alicheka, kisha akaacha kucheka. Sidhani kama alijua anaongea na nani. "Wa hapa?" alisema. "Wa hapa wangepigwa."

Nilitoka nje, nikasimama karibu na ule mtama uliokanyagwa. Kumbe maua yapo, mashuka safi yapo, adabu ipo. Tunaambiwa jambo hili ni la wageni, na wageni wakija nalo tunalitandikia kitanda. Mtoto wetu tunamtupia godoro dirishani.

Ijumaa tulivuka mbuga. Abiria wengine walichungulia nyumbu. Mwita alilala kichwa kikigonga kioo. Jumatatu saa nne tulipeleka rufaa ofisini, siku moja kabla ya muda kwisha, na kamati ikamwita wiki iliyofuata. Niliruhusiwa kuingia kama mwenzake.

Mwenyekiti hakufungua hata faili. "Kijana, tusizungushane," alisema. "Wewe ndiye au siye?"

"Mwalimu, ni kanuni gani inayonitaka nijibu hilo?"

Wakaangaliana. Mjumbe mmoja akafungua kijitabu, akakipekua mbele, akakipekua nyuma. Hawakuiona, kwa sababu haipo.

Uamuzi ulitoka siku ya tatu. Mwita arudi darasani na afanye mitihani. Lakini kwa usalama wake hatapewa nafasi bwenini. Waliotupa godoro wanaendelea kulala pale pale. Kuhusu barua yetu, tuliandikiwa kwamba imepokelewa, basi. Mpaka leo imepokelewa.

Nilikwenda Mara nikidhani nakwenda kumwokoa mtu, nikaona kwamba nilitaka kumwokoa kwa kumficha. Nilijifunza kwamba asiyekubaliana nawe anaweza kukataa udhulumiwe, kama Gati, na anayekupenda anaweza kukusaidia kwa namna inayokudhulumu, kama mimi. Na nilijifunza kutowapangia watu mioyo yao kabla hawajasema.

Maana Jumatatu iliyofuata nilimkuta Bhoke kwenye korido ya ofisi za chuo, amevaa gauni lake la kanisani, vumbi la safari kwenye viatu. Nilikuwa nimemsimulia kwa simu habari za bweni, naye akakata bila kuaga. Nilidhani amenichukia zaidi. Mshauri wa wanafunzi alimkaribisha kiti, akaanza kumweleza kwa upole juu ya maadili, malezi na mila zetu Waafrika. Bhoke hakukaa.

"Hayo mengine nitaongea na mwanangu na Mungu wangu," alisema. "Wewe nakuuliza kitanda. Kitanda cha mtoto wangu kiko wapi?"