Nilimwambia Linux ni bure kabisa

Neno "bure" limeniponza leo hapa Ilomba.

Kuna mama ana duka la steshenari. Windows yake ya kuchakachua ilijaa virusi, nikamwekea Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta. Kompyuta ikatulia.

Leo nimepita kumsalimia, nakuta Windows imerudi! Fundi mwingine kaiweka, ya kuchakachua vilevile, na kafuta kadi zote za harusi za wateja.

"Mama, kwa nini?"

"Mwanangu, si wewe ulisema ile Linux ni bure kabisa? Nikajua haifai. Hii nimeilipia."

Jamani! Nilimaanisha hailipiwi.

Nimejilaumu sana. Mngekuwa nyie mngemwambiaje?

Mimi bado niko dukani kwake, namchapia kadi upya.

Bure.